Siku Tuliyowapikia Wakaguzi

Tumemzika Mama Kulwa Jumamosi, huko Buswelu kwa mwanawe, na nimerudi kwangu nikiwa na hasira kuliko majonzi. Msiba wenyewe ulikwenda vizuri. Watu walijaa, turubai zilitosha, padri hakurefusha mahubiri, na chakula kilimfikia kila mtu, jambo ambalo marehemu angelifuatilia kuliko mengine yote. Kilichoniharibia siku ni ule wasifu. Aliusoma kijana wa ukoo, ametulia ndani ya suti yake, sauti nzuri kabisa, kazaliwa wapi, kaolewa wapi, kaacha watoto na wajukuu, mpaka akafika mahali akasema kwamba marehemu alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa utalii walioshikwa mkono na serikali baada ya ule ugonjwa kupita, na kwamba ukoo unashukuru. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikasimama. Nilitaka kusema nini sijui, ila nilisimama, na Masatu, ambaye tulifanya naye kazi kwa Mama Kulwa, akanivuta kitenge. "Kaa chini, Vero," akaninong'oneza. "Kijana hajui. Anasema alichosikia." Nikakaa. Ni kweli kijana hajui. Nyumba ile ya ufukweni mpaka leo watu wanaiita kwa Mama Kulwa, na nyumba ile ilipata pesa ya serikali, basi mtu anaunganisha mwenyewe na kumalizia hadithi. Pale msibani nilimezea, lakini kwenye karatasi yangu simezei kitu.

Mwaka ninaousema si ule wa ugonjwa wenyewe, ni uliofuata. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nina cheti changu cha hoteli, na Mama Kulwa alikuwa ameniajiri mapokezi, ingawa mapokezi kwake maana yake ilikuwa kupokea, kutandika, kufua, kuparua samaki na kumbembeleza mgeni aliyekosa maji ya moto. Nyumba ilikaa upande wa Ilemela, juu ya mawe, ziwa likiwa chini ya madirisha kabisa. Vyumba vilikuwa tisa, na kila mlango alikuwa ameuchora samaki na jina lake: Sato, Sangara, Ningu, Furu, Mumi, Gogogo, Domodomo, Kamongo, na kile kidogo cha mwisho karibu na tangi, Dagaa. Wageni walikipenda kichekesho hicho. Mzungu mmoja mrefu alilala Dagaa siku nne na akakataa kuhamishwa. Walikuwa wakija wakitoka Serengeti, au wakielekea huko, na Masatu aliwachukua kwa boti kuwaonyesha ndege na visiwa, akirudi nao wameungua pua na wana njaa. Jioni walikula barazani, na Mama Kulwa alizunguka meza kwa meza bila Kiingereza cha kutosha, anaweka mkono begani kwa mtu, anasema "Kula, baba, kula," na mtu anakula.

Ndege zilipoacha kuja, vyote hivyo vilisimama. Semina nazo zikasimama, harusi zikafanyikia nyumbani, na nyumba ikabaki na sisi watatu. Nayakumbuka maisha ya miezi ile kwa vyakula vyake. Asubuhi michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai isiyo na sukari, mchana ugali wa muhogo na dagaa, usiku michembe tena, na Mama Kulwa akipakua kama tuko hotelini, sahani imefutwa pembeni kwa kitambaa. Tulianza kuuza vitu. Magodoro, kuanzia ya Furu na Ningu, yalikwenda kwa mwenye bweni la wanafunzi, friji kubwa likaenda kwa muuza soda, televisheni ya barazani sijui ilienda kwa nani, niliamka tu nikakuta ukuta una alama ya mstatili. Mbaya zaidi ni kwamba kabla ya ugonjwa alikuwa amekopa kwenye chama cha kuweka na kukopa ili aongeze vyumba, na dhamana ilikuwa nyumba yenyewe. Chama kilimvumilia, kikamvumilia tena, halafu kikamwambia mwisho ni mwaka huo ukiisha. Alituambia hayo mimi na Masatu tukiwa tunachambua michembe barazani. "Nyumba hii ikiondoka," alisema, "mimi nitabaki nampikia nani?" Hakusema nitalala wapi. Kwake swali lilikuwa hilo la kupika.

Basi habari za msaada zilipokuja, tulizipokea kama mvua. Tuliitwa mkutanoni, wenye hoteli, wenye migahawa, wenye boti za watalii, akina mama wa vyakula vya ufukweni. Akasimama bwana kutoka ofisi fulani ya mjini ambayo sitaitaja, amevaa koti la mifuko mingi, akaongea kwa muda mrefu sana kuhusu uchumi wa dunia. Tulichoondoka nacho sote ni hiki: kuna pesa ya serikali ya kuinua biashara za utalii, haitarudishwa, na kabla ya kutolewa wataalamu watapita kila mahali kukagua. Mtu wa boti akauliza, "Mnakagua nini hasa, mheshimiwa?" Bwana akajibu, "Tunakagua hali ya biashara." Akaulizwa mtu ajiandae vipi. Akacheka, akasema, "Ninyi muwepo tu." Nayarudia maneno haya kwa sababu nilikuwapo na masikio yangu yalikuwa mazima. Hakuna aliyetuambia kwamba pesa ile ilikuwa ya walioanguka, na kwamba aliyeonekana amesimama angerukwa. Kulikuwa na ugumu gani kulisema hilo? Sentensi moja tu. Bwana alikuwa na nafasi ya kuongelea uchumi wa China na Ulaya, akakosa nafasi ya sentensi moja.

Na kwa watu wetu, neno kukagua lina kazi moja tu. Kila mama wa ufukweni alikuwa amewahi kukopa, na kila aliyewahi kukopa anajua kwamba afisa mikopo huja kwanza kuitazama biashara. Akikuta rafu tupu, unakosa. Kwa hiyo siku ya ukaguzi watu huchangiana. Vitenge vya mama huyu vinahamia kwenye kibanda cha mama yule, magunia ya mchele yanavuka barabara kwa toroli, jirani anakuja kusimama kama mteja na kuuliza bei kwa sauti. Afisa akishaondoka, kila mtu anachukua chake. Maafisa wenyewe wanajua, na mkopo unalipwa, na maisha yanaendelea. Si wizi huo. Ndivyo mtu anavyosema kwamba ana watu nyuma yake. Mama Kulwa alikuwa ametoa vyombo vyake kwa shughuli hiyo mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, sasa zamu ikawa yake. Nilimuuliza, maana mimi na cheti changu nilikuwa na wasiwasi kidogo, kama tusingewaacha waione nyumba ilivyo. Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, nani anampa pesa mtu aliyekwisha kufa?" akasema. "Na mgeni hakuti nyumba yangu imepoa. Hata angekuwa anakuja kunikamata."

Jumuiya yake nzima ya kanisani ikahamia kwetu. Yalikuja mashuka, yakaja magodoro ya vitanda vya watoto, yakaja mapazia yenye maua yasiyofanana, na friji dogo la mwenyekiti wa jumuiya likaletwa kwa mkokoteni likiwa bado na mboga zake ndani. Masatu alipaka rangi upya macho ya Kamongo, ambaye alikuwa ameanza kuonekana kipofu. Asubuhi ya siku yenyewe wakaja wageni wetu, yaani wanakwaya, wanaume kwa suti zao za sendoff na wanawake wamesuka vizuri, wakapangwa barazani wawili wawili na soda mezani. Mama Kulwa aliwaonya: "Msiimbe. Mgeni wa hoteli haimbi." Jikoni tulikuwa tumeamka kabla ya jogoo. Sato wa kukaanga, sato wa kuchemsha na nyanya, kuku wa kienyeji wawili ambao mmoja alitoka kwa jirani asiyekuwa hata na biashara, wali, ugali, mchicha wa karanga. Ilikuwa miezi mingi tangu jiko lile linuke vile. Nilimwona Mama Kulwa amesimama mbele ya sufuria, anatabasamu peke yake, na mimi nikaamini kwamba tumepona.

Walikuja wawili, yule bwana wa koti la mifuko na dada mmoja mdogo mwenye kishikwambi. Tuliwaamkia, tukawakaribisha, tukawapa maji ya kunawa. Bwana alikuwa mchangamfu. Alichungulia vyumba vitatu vilivyokuwa na magodoro, akasifu ile michoro ya samaki, akapiga picha ya baraza iliyojaa. Halafu akakaa, akala. Namkumbuka alivyokula, na si kwamba alikula vibaya, la hasha, alikula kama mtu anayejua samaki, anaanza na kichwa. Aliongeza mara mbili. Mama Kulwa hakukaa hata kidogo. Mwanakwaya mmoja mzee, ambaye nadhani alikuwa hajala kuku tangu Pasaka, alisahau kwamba ni mgeni wa kulipia na akasema kwa sauti, "Asante sana, mama, Mungu akubariki." Yule dada wa kishikwambi akainamisha uso kuficha kicheko.

Baadaye walikwenda kunawa kwenye sinki la nyuma, karibu na tangi, na mimi nilikuwa ndani ya Dagaa nakunja taulo za watu zisije zikachanganyika. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia dada akisema, "Mkuu, hawa wamepanga watu. Yule mzee si mgeni, na vyumba vya nyuma vimefungwa." Bwana akajibu, anasukutua mdomo, "Najua. Kila tunakokwenda wanafanya hivi." Dada akasema, "Sasa tuwaandikeje? Si ndio wanaostahili?" Maji yakaendelea kutiririka. "Wewe andika ulichokiona," bwana akasema. "Umeona watu, umeona chakula. Andika biashara haikuathirika. Ukianza kuandika wamepanga, tutaambiwa turudi tukahakiki upya, na mimi barabara hii sirudii." Nikasikia kidole cha dada kikigonga kioo cha kishikwambi.

Ndiyo maana siyataki hayo maneno ya kushikwa mkono. Angekuwa hajui, ningesema bahati mbaya. Alijua. Samaki bado yuko kwenye meno yake, na alijua.

Nilitoka mbio nikamwambia Mama Kulwa jikoni, neno kwa neno. Alinisikiliza akiwa ameshika mwiko. Nilidhani atalia au atamtukana mtu, lakini aliweka mwiko chini, akachukua funguo msumarini, akatoka moja kwa moja mpaka kwa bwana yule ambaye alikuwa ameshafika kwenye gari. "Baba, rudi kidogo," akamwambia. "Hukuona nyumba yangu." Akafungua Ningu: sakafu tupu. Akafungua Furu: kitanda cha chaga tu, hakuna godoro. Akafungua vile vyumba vitatu vipya vya pesa ya mkopo, havina dari, popo wameshahamia. Barazani wanakwaya walikuwa wameanza kusimama mmoja mmoja. Mwenyekiti wa jumuiya akasema, "Mheshimiwa, sisi si wageni. Sisi ni majirani zake. Friji lile ni langu." Hapakuwa na aliyeficha kitu tena. Nimefanya kazi kwenye hoteli kubwa tangu hapo, nimeona watu wakijieleza mbele ya wakubwa, lakini sijaona watu waliovua aibu kwa pamoja namna ile kwa ajili ya mwenzao.

Bwana alitazama saa yake. "Mama," akasema, na bado alikuwa anatabasamu, "sasa mimi nimwamini yupi? Yule aliyenipokea asubuhi au huyu wa sasa?"

"Mwamini huyu aliyekufungulia mlango," Mama Kulwa akajibu.

"Taarifa inaandikwa kwa kile kilichoonekana wakati wa ukaguzi. Ukaguzi umeshaisha."

"Si bado uko hapa? Macho yako si yako?"

Yule dada alisema polepole, "Mkuu, tunaweza kurekebisha, sijaituma." Bwana akafungua mlango wa gari. Sasa, mapema kabla ya haya yote, Mama Kulwa alikuwa amewafungashia sato wawili wakubwa, kwa sababu mtu haondoki kwake mikono mitupu, na Masatu alikuwa amesimama pale na mfuko huo asijue aupeleke wapi. Akamtazama Mama Kulwa. Mama Kulwa akampa ishara kwa kidevu: wape. Dada aliukataa, akapanda gari uso umemshuka. Bwana alinyoosha mkono dirishani, akaupokea, akasema asante. Jamani. Aliupokea.

Yaliyofuata ni danadana tupu. Majina yaliposomwa, la Mama Kulwa halikuwamo, na maelezo yalikuwa yale yale niliyoyasikia dirishani, biashara haikuathirika. Tukaanza kwenda mjini, mimi na yeye, yeye amevaa gauni lake la kanisani. Tulielekezwa dirisha hili, dirisha hili likatutuma ghorofani, ghorofani wakasema mhusika yuko semina. Kijana mmoja wa mapokezi, mdogo kuliko mimi, alimwambia ana bahati sana biashara yake imekwenda vizuri kipindi kigumu namna hii. Mama Kulwa alimshukuru. Mimi nikamuuliza kwenye ngazi, "Mama, unamshukuru nini yule?" Akasema, "Yeye hajaniandika. Amekaa tu mahali walipomweka." Sikuwa na roho hiyo wakati ule na sinayo sasa.

Mwaka ulipokaribia kuisha chama kikaiuza nyumba. Aliyeinunua ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wa Usagara, tumwite Bwana Lubinza. Mimi na Masatu alitubakiza, Mama Kulwa akahamia kwa mwanawe na vyombo vyake vya jikoni kwenye bajaji. Bwana Lubinza simlaumu. Alikuwa amewaona wote waliopata na waliokosa, na mchezo alikuwa ameuelewa. Awamu ya pili ya msaada ilipotangazwa, alibadilisha leseni ikasomeka jina lake, akaja akatukusanya mimi na Masatu uani. "Kuanzia leo hakuna kufyeka majani," akasema. "Vero, usifagie. Masatu, ile boti igeuze kifudifudi." Milango ikaachwa ipige na upepo. Utando wa buibui ukatanda kwenye uso wa Sangara. Mimi niliyefundishwa chuoni kwamba vumbi ni dhambi, nilikuwa naliacha vumbi lijae kwa amri ya mwenye nyumba, na ndiyo ilikuwa njia sahihi. Kitu kimoja tu Bwana Lubinza hakutaka kukiacha. Wakaguzi lazima wale, akasema, ila wale kwenye meza isiyo na kitambaa. Na kwa kuwa mimi napika kawaida tu, akaniuliza kama yule mama wa zamani anaweza kuja kwa siku moja akalipwa kibarua. Nilitegemea Mama Kulwa akatae. Alikuja asubuhi na mapema, na kisu chake mwenyewe amekifunga kwenye kanga.

Safari hii bwana wa koti la mifuko alikuja na kijana mwingine. Yule dada hakuwapo. Walizunguka vyumba vyote, hata Dagaa, wakapiga picha za popo na majani, wakisikitika kwa sauti, na kijana akawa anaandika bila kuinua kichwa. Halafu wakakaa barazani. Mama Kulwa akatoka na bakuli la sato wa nyanya, mimi nyuma yake na wali. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Nilimtazama bwana usoni, nikingoja ashtuke, aone haya, au hata ajifanye amesahau. Alinawa mikono, akamtazama Mama Kulwa kama mtu anavyomtazama mpishi, akaanza na kichwa cha samaki.

"Hapa niliwahi kufika," akamwambia kijana wake. "Palikuwa pamejaa watu, pazuri kweli." Kisha akamgeukia Mama Kulwa. "Mama, wewe ni mwenyeji huku. Hivi yule mama aliyekuwa na hii nyumba alishindwaje?"

Mama Kulwa alikuwa anampakulia wali. Hakusimama mkono.

"Alipenda wageni," akasema.

Bwana akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Ndilo tatizo la mama zetu," akasema, na akasogeza sahani yake mbele ili aongezewe.